Ferguson, Marekani: mji uliojaza bajeti yake kwa faini za walalahoi (uzi mrefu)

Mlima Rungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mjadala wa Marekani humu ndani unaishia pale pale. Mmoja anasema ni ubaguzi wa rangi, mwingine anasema weusi wa kule hawataki kufuata sheria, tukifika ukurasa wa tatu tunatukanana wazazi. Leo naomba tufungue daftari la mapato. Bunduki tuiweke pembeni kwanza, tufuate hela.

Mji wenyewe ni Ferguson, jimbo la Missouri, nje kidogo ya jiji la St. Louis. Ni mji mdogo, wakati ule ulikuwa na watu kama 21,000. Wengi mnaukumbuka kwa Michael Brown, kijana wa miaka 18 aliyepigwa risasi na polisi Darren Wilson tarehe 9 Agosti 2014, mwili ukalala barabarani kwa muda wa kama masaa manne, mchana kweupe, watu wakitazama. Yakafuata maandamano, mabomu ya machozi na magari ya deraya kwenye mitaa ya makazi. Kisha kamera zikafungashwa, zikaenda kwingine.

Wizara ya Sheria ya Marekani ikapeleka watu wake kupekua ofisi za mji ule. Wakasoma barua pepe za wakubwa, kumbukumbu za mahakama, bajeti za miaka. Ripoti ikatoka tarehe 4 Machi 2015, kurasa zaidi ya 100. Asilimia 67 ya wakazi walikuwa weusi, lakini kwa miaka ya 2012 hadi 2014 weusi ndio walikuwa asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa, 90 ya walioandikiwa faini na 93 ya waliokamatwa. Na wakisimamishwa, walipekuliwa zaidi ya mara mbili ya weupe, ilhali kwa uwiano waliokutwa na kitu cha haramu walikuwa wachache kuliko weupe waliopekuliwa.

Hapo mtu atasema "si nilikwambia, ubaguzi". Sawa, upo. Ila fungua ukurasa wa bajeti. Mwaka wa fedha 2010 mji ulikusanya dola milioni 1.38 kutokana na faini na ada za mahakama, kwenye mapato ya jumla ya milioni 11.07. Bajeti ya 2015 ikakadiria faini zitaleta milioni 3.09 kati ya milioni 13.26. Karibu robo ya mfuko! Na halikuwa jambo la bahati. Machi 2010 mkurugenzi wa fedha alimwandikia mkuu wa polisi kwamba askari wasipoongeza sana kuandika faini kabla ya mwaka kwisha, makusanyo ya mwaka unaofuata yatakuwa magumu kupanda, na kodi ya mauzo imeshuka. Yaani mhasibu anamwagiza polisi idadi ya makosa anayoyahitaji. Makosa yenyewe bado hayajatendeka.

Askari nao walielewa somo. Kupandishwa cheo kulipimwa kwa wingi wa karatasi za faini. Kuna tukio moja ambalo mtu mmoja, akisimamishwa mara moja, aliandikiwa makosa 14.

Sasa nawaletea kisa kimoja, kipo kwenye ripoti hiyo hiyo, mhusika hakutajwa jina. Ni mwanamke mweusi. Mwaka 2007 aliegesha gari vibaya mara moja. Akaandikiwa karatasi mbili, faini dola 151, na ada juu yake. Hakuwa na hela, kuna vipindi hakuwa hata na pa kulala. Akakosa tarehe za mahakama na tarehe za kulipa, na kila akikosa linafunguliwa kosa jipya la "kutofika mahakamani", linakuja na faini yake, ada yake na hati yake ya kukamatwa. Yakafika makosa saba ya namna hiyo. Alikamatwa mara mbili, akalala ndani siku sita. Alijaribu kupunguza deni kidogo kidogo, akapeleka dola 25, siku nyingine dola 50. Mahakama ikamrudishia: lete yote au usilete. Moja ya malipo hayo ilikuja kupokelewa baadaye, na sababu ni kichekesho cha huzuni, barua ya kumkatalia ilirudi posta kwa kukosa mpokeaji. Mpaka Desemba 2014 alikuwa ameshalipa dola 550. Deni lililobaki: dola 541.

Rudia hiyo hesabu taratibu. Kosa la 151, kalipa 550, anadaiwa 541. Kwa kuegesha gari.

Naendelea chini, nipeni nafasi nipange vitu.

Dereva Mstaafu

Siti ya mbele. Mkuu, hapo kwenye mhasibu kumwagiza polisi umenimaliza. Mbona hata huku kwetu madereva tunalalamika kila siku kwamba trafiki wametumwa makusanyo? Elfu thelathini yako unaandikiwa kwa kioo chenye ufa.

Bwana Mizani

Sheria ni msumeno. Umeegesha vibaya, lipa, yaishe. Huyo mama angelipa 151 siku ya kwanza huu uzi usingekuwepo. Tunatetea uzembe halafu tunauita dhuluma. Na huyo Wilson alisafishwa na wizara ya Obama mwenyewe, mbona hilo mleta mada umelipita kama hulioni?

Nyuki Mkali

Bwana Mizani, mtu hana pa kulala, wewe unamwambia alipe siku ya kwanza. Basi mkopeshe.

Mlima Rungwe

@Bwana Mizani, sijalipita, ulikuwa unakuja. Siku ile ile ya 4 Machi 2015 wizara ilitoa ripoti mbili. Moja ilimhusu Wilson, ikasema ushahidi hautoshi kumshtaki kwa sheria za shirikisho, na kwamba mashahidi waliosema Brown alikuwa amenyoosha mikono kusalimu amri hawakuaminika wakilinganishwa na vipimo vya kitaalamu. Hiyo imeandikwa na siwezi kuifuta kwa sababu hainipendezi. Ripoti ya pili ndiyo hii ninayoisoma, na wapiganaji wengi wa mtandaoni wa pande zote mbili hawajaifungua. Wanaomtetea polisi wanaishika ya kwanza. Wanaolia na Brown wanazungumzia dakika ile ya risasi tu. Mimi nasema hata kama Wilson asingezaliwa, ule mtambo ulikuwa unasaga watu kila Jumatatu.

Halafu hilo la "uzembe". Viongozi wa Ferguson walijitetea hivyo hivyo kwa wachunguzi, kwamba shida ni watu wasiojiwajibisha. Wakati huo huo barua pepe zao zinaonyesha hakimu, karani wa mahakama na maofisa wa polisi wakifutiana faini wao kwa wao, za ndugu na za marafiki. Msumeno ulikuwa na meno upande mmoja, mkuu.

Na bei za makosa yenyewe? Ripoti ina mifano: kutembea katikati ya barabara badala ya pembeni, dola 302. Majani marefu uani kwako, dola 531. Kosa hilo la kutembea barabarani, asilimia 95 ya walioandikiwa walikuwa weusi. Na mnakumbuka Brown na mwenzake walisimamishwa kwa sababu gani siku ile? Walikuwa wanatembea katikati ya barabara.

@Dereva Mstaafu, la huku kwetu lifungulie uzi wake, nitakuja kuchangia. Tofauti moja tu niiseme: hapa unapewa kumbukumbu namba na hela inaingia serikali kuu. Ferguson hela ile ilikuwa inabaki palepale, inalipa mshahara wa askari aliyeandika karatasi, wa karani aliyeipokea na wa hakimu aliyeikazia. Wote wanakula chungu kimoja na aliyekamatwa ndiye kuni. Mwaka 2012 diwani mmoja alipinga hakimu asiongezewe muda kwa kuwa hasikilizi ushahidi. Jibu la meneja wa mji likawa, kwa maneno yangu, tunaweza kukubali kasoro zake lakini hatuwezi kukubali mapato ya faini yashuke.

Binti Pangani

Swali la mtu asiyejua: kwa nini mji wa nchi tajiri hivyo utegemee faini? Si wana kodi?

Mlima Rungwe

Dada, hilo ndilo swali la uzi mzima.

Kwanza ramani. Jiji la St. Louis lilijitenga na kaunti yake mwaka 1876. Kaunti ikabaki nje ya jiji, ikakatwakatwa vimji hadi kufika kama 90, kila kimoja na meya wake, wengi wao na polisi wao na mahakama yao. Mahakama za vimji zilikuwa 81 wakati wa sakata hili. Unaendesha gari robo saa, umepita kwenye mamlaka nne au tano, na kila moja inaweza kukusimamisha. Mtu mmoja anakuwa na hati za kukamatwa za vimji vitatu, akiachiwa hiki anachukuliwa na kile.

Vimji hivyo havikuzaliwa kwa bahati. Vingi vilijiandikisha ili vipate mamlaka ya kupanga viwanja, maana ukiwa na mamlaka hayo unaweza kukataza nyumba za kupanga na viwanja vidogo, na ukikataza hivyo umemzuia masikini bila kuandika neno "mweusi" popote. Kabla ya hapo waliandika waziwazi kwenye hati za nyumba kwamba haitauzwa kwa mweusi. Ni familia ya St. Louis, ya J. D. Shelley, iliyonunua nyumba ya hati ya namna hiyo, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1948 ikaamuliwa kuwa mahakama haziwezi kuyakazia masharti hayo. Ferguson yenyewe miaka ya 1960 ilikuwa ya weupe watupu, na ilikuwa imeziba barabara ya kutoka Kinloch, mji jirani wa weusi. Kulikuwa na njia nyingine iliyoachwa wazi mchana. Ya nini? Wafanyakazi wa ndani wapite waje kupika na kulea watoto.

Baadaye weusi wakaanza kuingia. Mwaka 1990 walikuwa kama robo ya wakazi, mwaka 2000 wamevuka nusu, 2010 wamefika asilimia 67. Weupe wakahama, na thamani ya nyumba na maduka makubwa vikawafuata. Mfuko wa mji ukabaki na matundu.

Sasa njoo kwenye kodi. Tangu 1980 katiba ya Missouri ina kifungu kinachoitwa Hancock, kwa jina la aliyekipigania: serikali ya mtaa haiwezi kupandisha kodi bila wapiga kura kukubali kwa kura. Kwenye karatasi inapendeza, nani anapenda kodi? Lakini faini si kodi. Faini haipigiwi kura. Kwa hiyo mji usiothubutu kuomba kodi kwa wenye nyumba na makampuni unaenda kuchukua kwa asiyeweza kukataa, yule anayeendesha gari bovu lenye taa moja kwenda zamu ya usiku. Na hapo hapo Ferguson palikuwa na makao makuu ya Emerson Electric, kampuni ya mabilioni, inayofanya kazi dunia nzima. Ndani ya mji mmoja una kampuni hiyo na una mama wa dola 151, na mkurugenzi wa fedha anamwandikia barua mkuu wa polisi.

Hicho ndicho wanachokisema watu wa mrengo wa kushoto wa kule, wanaodai kuwa ubaguzi wa rangi na mfumo wa kodi ni ndugu wa tumbo moja. Wengine mtasema wanatia chumvi. Kwa Ferguson mimi sioni chumvi.

chumvi_ya_uvinza

Nimeitwa? 😂

Ila mkuu, naomba kuuliza. Walikuwa asilimia 67. Kura wanazo. Kwa nini wasiwatoe hao madiwani? Demokrasia si ndiyo hiyo tunayofundishwa nao kila uchaguzi?

Mlima Rungwe

@chumvi_ya_uvinza, kura za mji zinapigwa Aprili. Si Novemba pamoja na za rais. Hakuna mabango, hakuna mbwembwe, siku ya kazi, unachagua diwani tu. Chaguzi hizo za Ferguson kabla ya mauaji zilikuwa zinatoa takriban asilimia 12 ya waliojiandikisha. Aprili 2014 meya James Knowles alirudi bila mpinzani. Baraza la madiwani sita lilikuwa na mweusi mmoja. Polisi walikuwa 54, weusi wanne.

Na mtu mwenye hati ya kukamatwa unadhani anakwenda kujipanga kwenye foleni mbele ya jengo la serikali? Desemba 2014 watu zaidi ya 16,000 walikuwa na hati zilizotolewa na mahakama ya Ferguson. Mji wenyewe, nimeshasema, ulikuwa na watu kama 21,000. Si wote ni wakazi, wengi ni wapita njia wa vimji vya jirani, lakini pata picha.

Baada ya mauaji, Aprili 2015, waliopiga kura walifika karibu asilimia 30 na weusi kwenye baraza wakawa watatu. Watu walijifunza haraka.

Mama Kijacho

Mimi niko Missouri hii hii, mwaka wa ngapi sijui. Kimji changu sikitaji. Naomba niwaeleze inavyokuwa ukiwa mgeni.

Nilikuwa natoka kazini usiku, nafanya kazi nyumba ya wazee. Taa ya nyuma imekufa. Kijana wa polisi mpole kabisa, "have a good night" zake nyingi, kanipa karatasi. Tarehe ya mahakama ni jioni, saa ambayo nina zamu. Nikimwomba msimamizi ruhusa napoteza masaa, na masaa ndiyo kodi ya nyumba. Nikaenda. Foleni imetoka nje ya mlango, watu na watoto mgongoni, na nikiangalia foleni nzima ni sisi. Wanyarwanda wawili, Mkongo mmoja tukasalimiana kwa Kiswahili, waliobaki ni weusi wa hapa. Ukimaliza kwa hakimu, ambako huongei hata dakika, unakwenda dirishani kulipa. Huna zote? Unapangiwa tarehe nyingine ya kuja. Kila tarehe ni zamu nyingine imekufa.

Sasa sikilizeni kitu ambacho Bwana Mizani hatakiona kwenye vitabu vya sheria. Mzungu ninayefanya naye kazi alikamatwa kwa mwendo kasi, kosa kubwa kuliko langu. Hakwenda mahakamani kabisa. Alimlipa wakili, wakili akaongea na mwendesha mashtaka, kosa likabadilishwa likawa "kuegesha vibaya". Analipa faini kubwa kidogo, lakini leseni haipati pointi na bima haipandi. Ni jambo la kawaida hapa, mawakili wanalitangaza kwenye mabango ya barabarani. Aliyenieleza alidhani ananisaidia. Nikamuuliza wakili ni shilingi ngapi, aliponitajia nikanyamaza.

Nyuki Mkali

Mama Kijacho pole sana. Kwa hiyo kuna dirisha la wenye hela na dirisha la wasio nazo, kosa likiwa kubwa kwa mwenye hela.

Bwana Mizani

Pole mama. Hilo la wakili sikulijua, nalikubali lina walakini. Ila bado nauliza: hii yote ni Republikani? Maana kwenye nyuzi kama hizi Republikani ndio mashetani na Demokrati ni malaika.

Mlima Rungwe

Swali zuri na jibu litawaudhi wengi. Gavana wa Missouri wakati ule, Jay Nixon, Demokrati. Mwendesha mashtaka wa kaunti, Bob McCulloch, aliyesimamia kesi ya Wilson mbele ya lile jopo la raia hadi tarehe 24 Novemba 2014 wakasema hashtakiwi, Demokrati pia, na alikuwa amekaa kwenye kiti kile tangu mwaka 1991. Rais Obama na mwanasheria mkuu wake Eric Holder, Demokrati vilevile. Kumbe nani aliyeleta bungeni sheria ya kubana mapato ya faini, ile ya 2015? Seneta wa jimbo Eric Schmitt, Republikani, ambaye leo ni seneta huko Washington. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali isiwanyonye raia, na hapo Republikani wa kweli na mtu wa mrengo wa kushoto wanakutana mlangoni. Sheria ilipunguza sehemu ya mapato inayoruhusiwa kutoka faini za trafiki, ikawa asilimia 20 kwa jimbo na 12.5 kwa vimji vya kaunti ya St. Louis. Vimji vikaenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Missouri ikasema hamuwezi kuiwekea kaunti moja sheria yake peke yake. Kile cha 12.5 kikaanguka.

Kwa hiyo ukisikia mtu wa mrengo wa kushoto wa Marekani anapiga kelele, mara nyingi nusu ya kelele zinaelekezwa kwa chama chake mwenyewe. Mfano upo hapo hapo. Cori Bush, nesi na mchungaji aliyekuwa barabarani Ferguson 2014, mwaka 2020 alimwangusha ndani ya Demokrati mbunge William Lacy Clay, ambaye yeye na baba yake kabla yake walikishika kiti kile zaidi ya miaka hamsini. Bush aliingia bungeni na lugha ya mtaani, mwaka 2021 akalala kwenye ngazi za bunge kupinga wapangaji kufukuzwa. Mwaka 2024 naye akaangushwa, na aliyemwangusha ni Wesley Bell. Nani Bell? Mmoja wa wale madiwani wapya weusi wa Ferguson wa 2015! Alimtoa McCulloch kwenye uendesha mashtaka 2018, akaipitia upya kesi ya Wilson, na Julai 2020 akatangaza kuwa hawezi kumshtaki. Kwenye kinyang'anyiro chake na Bush, kundi la kampeni lenye uhusiano na AIPAC, wale wanaotetea maslahi ya Israel, lilimwaga zaidi ya dola milioni 8 dhidi ya Bush. Jimbo moja la uchaguzi, kura za mchujo tu. Sasa hiyo ndiyo siasa, na mtu asiniambie ni mambo ya Ferguson. Kwenye hela za kampeni zisizo na dari, hata mashujaa wa barabara ile ile wanagombanishwa.

chumvi_ya_uvinza

Hapo kwenye Bell nimesoma mara mbili. Maisha yana vituko.

Dereva Mstaafu

Na sheria ya Marekani inaruhusu kumfunga mtu kwa kukosa hela ya faini? Kwetu tunaambiwa kule haki za binadamu ndio nyumbani kwake.

Mlima Rungwe

Hairuhusu, mzee wangu. Mwaka 1983, kesi ya Bearden, Mahakama Kuu ilisema huwezi kumtia mtu ndani kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa, lazima kwanza uchunguze kama anacho na anagoma au hana kweli. Ferguson uchunguzi huo haukuwa unafanyika. Walipitia mlango wa nyuma: hatukufungi kwa deni, tunakufunga kwa kutofika mahakamani. Baada ya moto wa Agosti 2014, mwezi Septemba baraza likalifuta kosa hilo, na wachunguzi wako njiani.

Mwaka 2019 ikaja nyingine, ya mtu wa Indiana aliyeitwa Timbs. Alinyang'anywa gari la Land Rover la dola kama 42,000 kwa kosa ambalo faini yake ya juu kabisa ni 10,000. Majaji wote tisa wakakubaliana kwamba katazo la faini za kupindukia linazibana serikali za majimbo pia. Majaji wote tisa, zama hizi! Lakini kanuni ikiwa Washington na wewe uko kwenye foleni ya Mama Kijacho saa mbili usiku bila wakili, kanuni haikujui.

Binti Pangani

Sasa waliofanya hivyo walifanywa nini? Kuna aliyefungwa?

Mlima Rungwe

Kufungwa hakuna. Mwezi ule ule wa ripoti, Machi 2015, mkuu wa polisi aliachia ngazi, meneja wa mji akaondoka, hakimu akajiuzulu na kesi zake zikahamishiwa kwa jaji wa ngazi ya juu. Karani wa mahakama alifukuzwa kwa barua pepe za kibaguzi. Mwaka 2016 mji ukasaini makubaliano ya kurekebisha polisi na mahakama chini ya macho ya jaji wa shirikisho, baada ya kwanza kugoma kwamba ni ghali mno. Juni 2020 wakamchagua Ella Jones, meya wa kwanza mweusi na mwanamke wa kwanza.

Waliofungwa kwa madeni walikuwa wamefungua kesi mwaka 2015. Mji ulikubali kulipa Februari 2024, miaka tisa baadaye: dola milioni 4.5, kwa watu zaidi ya 15,000. Gawanya kwa mkato, kabla hata mawakili hawajachukua chao, ni chini ya dola 300 kwa kichwa. Haifiki hata faini moja ya kutembea barabarani.

Nyuki Mkali

Jennings nao si walilipa? Nakumbuka niliwahi kusoma mahali.

Mlima Rungwe

Ndiyo, Jennings ni jirani wa mlango na mlango. Wao walimaliza mapema, 2016, karibu dola milioni 4.7 kwa watu wasiofika 2,000, kwa hiyo mgawo wao ulikuwa wa maana kidogo. Na Wilson, kabla ya Ferguson, alikuwa askari wa Jennings, hadi madiwani walipoivunja idara nzima ya polisi 2011 kwa jinsi ilivyokuwa imeharibikiana na weusi wa pale. Mama Kijacho, kama bado uko hapa, tuambie hizo foleni siku hizi zikoje, maana wengine wanasema vimji kadhaa vimeunganisha mahakama zao.

Mama Kijacho

Nipo. Chetu kimeunganishwa na cha jirani. Foleni ni fupi, na kuna kijana anagawa karatasi inayosema una haki ya kuomba upimwe uwezo wako wa kulipa. Karatasi ni ya Kiingereza na Kihispania. Yule Mkongo nilimsomea mimi.